Mweka Hazina Lazima Awe na Mlango

Ilikuwa Desemba 2024 na nilikuwa nimerudi nyumbani Kendu Bay kwa likizo. Jioni moja tulikuwa uani kwa bibi yetu, ambaye sote tunamwita Dani, binamu zangu wakipitishana simu na kucheka. Tarehe 4 mwezi huo, asubuhi mapema, Brian Thompson, mkuu wa kampuni ya bima ya afya ya UnitedHealthcare, alikuwa amepigwa risasi nje ya hoteli jijini New York akielekea kwenye mkutano wa wawekezaji. Mtandaoni watu walikuwa wanasherehekea. Utani uliosambaa sana ulikuwa ule wa mtu anayesema angetuma rambirambi, lakini bima yake haijaziidhinisha.

Nilicheka pia. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nafanya kazi kwenye bima.

"Nani amekufa?" Dani akauliza. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso.

"Mkubwa wa bima ya afya huko Marekani, Dani. Amepigwa risasi."

"Na mnacheka?"

Binamu yangu mdogo, ambaye yuko chuo kikuu na ana jibu la kila kitu, akasema, "Dani, huyo alikuwa anakataa kulipia watu matibabu. Watu wamekufa kwa sababu yake."

Dani akachambua mchele kwa muda. "Bima si ile ya kuchanga kabla hujaugua?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi alikuwa mweka hazina," akasema. "Hata mimi nimewahi kukataa watu."

Hakuna aliyecheka tena. Wote tunajua kwamba Dani alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kwa zaidi ya miaka ishirini. Wengi wao walikuwa wauza omena na nguo kuukuu, na walikutana kila Jumapili alasiri, kwa sababu hapa kwetu Ijumaa ni ya msikiti na Jumamosi ni ya Wasabato. Walichangia matanga na ugonjwa. Sanduku lao lilikuwa la bati, lina kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti. Sanduku lilikaa kwa Dani, lakini yeye hakuwa na ufunguo hata mmoja.

Siku moja, akatuambia, mwanachama alikuja na mtoto aliyetakiwa kupelekwa Kisumu haraka. Wiki hiyo hiyo sanduku lilikuwa limetoa pesa za mazishi, na zilizobaki zilikuwa zimeahidiwa mwingine aliyekuwa anangoja upasuaji. Dani akaita wenye funguo. Sanduku likafunguliwa mbele ya wote, pesa zikahesabiwa kwa sauti, daftari likasomwa: nani amechukua, nani anadaiwa, nani anangoja. Kisha akamwambia yule mama, mbele ya watu wote, kwamba hakuna.

Wanawake wakakaa kimya kidogo. Halafu mmoja akafungua fundo la leso yake, akatoa noti. Mwingine naye akafungua. Zikapatikana nauli na za kitanda cha siku mbili.

"Na bado alikuja kunitukana," Dani akasema, akionyesha mlango kwa kidevu. "Pale pale. Majirani wote wakasikia. Akasema nimekula pesa. Nilimwacha amalize. Ilikuwa haki yake, maana mimi ndiye niliyesema hapana." Akapepeta mchele mara mbili. "Sasa huyo wenu wa Marekani, mtu akikataliwa angemtukania wapi?"

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile, na sababu inabidi niiseme wazi.

Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika kampuni moja ya bima jijini Nairobi, ambayo sitaitaja. Nilianza kwenye idara ya madai. Hospitali inatuma ombi, wewe unaangalia kadi ya mwanachama, aina ya ugonjwa, kiasi kinachoombwa na masharti ya mkataba. Unabonyeza kukubali au kukataa. Ukikataa, mfumo wenyewe unaandika barua. Barua ile haina jina la mtu. Chini imeandikwa tu "Idara ya Madai". Siku ya kwanza kazini tuliambiwa tusimpe mteja jina letu kamwe, kwa usalama wetu, na nilishukuru kuambiwa hivyo.

Kuna ombi moja ambalo sijalisahau. Mkataba wetu ulisema mtu alipie miezi kumi kabla ya kupata huduma za uzazi. Sharti hilo lina maana. Bila hilo kila mtu angejiunga akiwa tayari ana mimba, angejifungua, angejitoa, na sanduku lingebaki tupu kabla ya mwaka kuisha. Baba mmoja alikuwa amemsajili mkewe mapema, kwa uaminifu, kabla ya mimba kuonekana. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kilichomwangusha ni kwamba mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akawekwa kwenye inkubeta, na siku aliyozaliwa ilikuwa imebaki siku 23 miezi kumi itimie. Yaani mtoto yule alikosa bima kwa sababu ya tatizo lile lile lililomfanya aihitaji.

Nilibonyeza kukataa. Ilinichukua chini ya dakika mbili, na wakati ule hilo lilikuwa jambo la kujivunia, kwa sababu tulipimwa kwa idadi ya maombi tuliyoyafunga kwa siku.

Baba yule alipiga simu siku nne mfululizo. Najua kwa sababu kila simu inaandikwa kwenye faili. Walioipokea walimsomea barua ile ile. Siku ya tano hakupiga. Sijui kwa nini hakupiga. Labda alipata pesa, labda hospitali ilimpa muda wa kulipa. Kuna labda nyingine pia ambayo sote tunaijua. Miezi michache baadaye nilipandishwa cheo.

Kwa hiyo watu wanapomzungumzia Thompson kana kwamba alikuwa jini fulani, mimi naona njia ambayo ninaijua. Alikulia Jewell, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Iowa, na baba yake alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka. Alikuwa mwanafunzi hodari, akasomea uhasibu katika Chuo Kikuu cha Iowa, akamaliza mwaka wa 1997. Mwaka wa 2004 akaingia UnitedHealth, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwaka wa 2021 akawa mkuu wa tawi lake la bima. Alipokufa alikuwa na miaka 50 na watoto wawili. Ni maisha ambayo mzazi yeyote wa Kendu Bay angeyaombea dua: mtoto wa mji mdogo, hodari wa hesabu, amefika juu.

Lakini hebu angalia hiyo ngazi. Kila unapopanda, mgonjwa anasogea mbali kidogo. Kwanza yuko kwenye simu. Kisha ni jina kwenye skrini. Kisha ni namba kwenye safu ya namba. Mwisho anakuwa asilimia katika ripoti ya robo mwaka, na asilimia haina mama wala haina njia ya kukupigia. Hakuna siku uliyoamua kuwa mkatili. Ulifanya kazi vizuri tu, wakakuhamisha ghorofa.

Mtu ataniambia kosa basi ni kukataa, na kwamba mtu mwema angelipia wote. Natamani ingekuwa hivyo. Kila sanduku lina mwisho, la Dani na la serikali na la Marekani pia. Anayemwambia kila mtu ndiyo leo amewaambia wengine hapana kesho bila wao kujua, na hao wa kesho hawakuwepo kumlilia. Kuna makataa ya haki. Kuna pia makataa ya uchoyo, pale ambapo pesa zipo ila zimeahidiwa wenye hisa, na kampuni kubwa za bima zimelaumiwa sana kwa hilo. Shida ni kwamba aliyekataliwa hana namna ya kujua yake ni ipi. Barua ni ile ile. Sanduku halijafunguliwa mbele yake.

Hapo ndipo naona Dani amewapita waliosomea uongozi wa hospitali na bima. Hakusema mweka hazina awe na moyo mzuri. Moyo wa mtu huuoni. Alisema, kwa namna yake, kwamba anayesema hapana lazima apatikane. Aseme sababu, aonyeshe kilichomo, na awe na mlango ambao mtu anaweza kuja kusimama na kumtukana. Na kumbuka kilichotokea baada ya sanduku kufunguliwa: leso zilifunguka. Wale wanawake walitoa kwa sababu walikuwa wameona kwa macho yao kwamba hakuna. Barua ya kukataa ikimfikia mtu peke yake chumbani, haifungui leso ya mtu yeyote.

Nilipoanza kutafuta mkuu wa shirika la afya aliyeishi hivyo, sikulazimika kwenda mbali. Kaunti jirani ya Migori, karibu na Rongo, kuna kijiji cha Lwala. Kijana wa pale, Milton Ochieng', alipata nafasi ya kusoma Chuo cha Dartmouth huko Marekani, lakini hakuwa na nauli ya ndege, dola 900. Wanakijiji wakauza kuku na ng'ombe, wakamkatia tiketi, wakamwomba kitu kimoja tu, kwamba asiwasahau. Mdogo wake, Fred, akamfuata. Mama yao akafariki mwaka wa 2004 na baba yao mwaka wa 2005, wote kwa ukimwi, ugonjwa ambao umewaua watu wengi mno katika kaunti hizi zetu. Baba yao, mwalimu, alikuwa na ndoto ya kliniki pale kijijini. Mwaka wa 2007 wale ndugu wawili, wakiwa bado wanafunzi, waliifungua. Baadaye wote wakawa madaktari. Kliniki ikakua ikawa hospitali, na shirika lake sasa linaongozwa na watu wengine na kuwalipa wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba.

Hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya wema wa vijana wawili, na ni kweli ni wema. Lakini mimi naiona kama hadithi ya deni. Kila mtu Lwala alijua kuku wake alikwenda wapi. Yule mama aliyeuza kuku ana haki ya kusimama langoni mwa hospitali na kuuliza kwa nini hakuna dawa, na hakuna mlinzi atakayemwambia aandike barua pepe. Mkuu wa hospitali ya namna hiyo anaweza kukosea kama mkuu mwingine yeyote. Ila atasikia kwamba amekosea, tena kabla ya chakula cha jioni.

Nilimpigia binamu yangu wa chuo nikamweleza hayo, akanikata mara moja. "Mlango wa nyumbani ndio unatuua Kenya," akasema. "Mkubwa akipatikana, wanaompata ni watu wake. Shangazi anarukishwa foleni, mpwa anapewa kazi ya stoo, na dawa zinaishia kwenye duka la shemeji." Ni kweli, na sote tumeona. Mtu akiteuliwa kuongoza hospitali, wiki hiyo hiyo simu yake inajaa watu wa kwao.

Sikuwa na jibu mpaka nilipokumbuka kufuli. Dani alikuwa na mlango wazi, lakini hakuwa na ufunguo. Ungeweza kwenda kwake usiku ukalia mpaka asubuhi, angekusikiliza, angekupikia chai, na asingeweza kukupa shilingi. Ili sanduku lifunguke walihitajika wanawake watatu na watu wa kushuhudia. Mlango ulikuwa wa kusikiliza na kufuli zilikuwa za kutoa, na havikuchanganywa. Sisi tumevibadilisha. Kwenye mashirika mengi mkubwa ana ufunguo na hana mlango, na wachache wenye njia ya kumfikia wanapitia dirishani.

Na mlango usipokuwepo, watu huutafuta kwa njia nyingine. Mwaka wa 2010 wanawake wawili walizuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua, kwa sababu hawakuwa na pesa za kulipa bili. Walikwenda mahakamani. Mwaka wa 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia kulikiuka haki zao. Watu husifu uamuzi ule, na unastahili. Mimi naona ile miaka mitano. Iliwachukua muda huo wote kufika mbele ya mtu ambaye alilazimika kusikiliza na kujibu. Mlango wao ulikuwa mahakama, na ni mrefu mno kwa mtu mwenye mtoto mgongoni.

Sasa tuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiyeajiriwa anaulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yake, kisha anapangiwa cha kulipa. Dani alisajiliwa na kijana mwenye simu, pale sokoni. Akajibu maswali yote. Mwisho akamuuliza yule kijana, "Nikikataliwa, nitamtukana nani?" Kijana akadhani ni mzaha, akacheka. Akampa namba ya huduma kwa wateja.

Narudi kwa binamu zangu na kicheko chao, kwa sababu sitaki ionekane kwamba nawadharau. Naelewa kicheko kile. Maganda ya risasi yalikutwa yameandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuchelewesha na kukataa, na mamilioni ya watu waliyatambua papo hapo kwa sababu wameyasoma kwenye barua zao. Kwa mara ya kwanza waliona kwamba ile "idara" ina mwili wa mtu. Lakini angalia kilichofuata. Mtu mmoja alikamatwa siku tano baadaye na akakana mashtaka. Kampuni za bima ziliondoa picha za wakubwa wao kwenye tovuti na kuongeza walinzi. Januari UnitedHealthcare ikapata mkuu mwingine, na madai yakaendelea kushughulikiwa kama kawaida. Risasi haikufungua sanduku. Iliziba hata ule ufa mdogo uliokuwepo, na watoto wawili wakabaki bila baba.

Nilirudi Nairobi Januari. Siku hizi nina watu kadhaa chini yangu, na nimeambiwa, kwa ile sauti ambayo wakubwa huitumia wanapotaka ujue kitu bila wao kukiahidi, kwamba nikiendelea hivi nitafika mbali. Nilipendekeza barua za kukataa ziwe na jina na namba ya simu ya aliyeamua. Nikajibiwa kwa upole kwamba baada ya New York hilo haliwezekani. Sikubishana sana. Nina mkopo wa gari.

Ila mwezi Februari nilifanya jambo moja ambalo haliruhusiwi. Kulikuwa na ombi la mama mmoja ambalo ilibidi nilikatae, na nililisoma mara tatu nikitafuta njia, nikaikosa. Kabla barua haijatoka nikampigia simu. Nikamwambia jina langu lote. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye nimekataa ombi lako, na nataka nikueleze kwa nini." Alinitukana kwa dakika kumi na moja. Kuna maneno sikuwa nimeyasikia tangu shule ya msingi. Sikukata simu. Alipochoka akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Sasa nifanye nini?"

Fomu yetu haina nafasi ya swali hilo. Nilimwambia ni hospitali gani ya serikali inafanya upasuaji ule, karatasi zipi abebe, na kwamba anaweza kukata rufaa kwetu na aandike nini. Labda haikumsaidia. Rufaa yake ilikuja, na ikaenda kwa mtu mwingine, kama inavyotakiwa.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia Dani kwenye simu. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama nilimwacha yule mama amalize. Nikasema ndiyo.

"Na wengine?" akauliza.

Nikamwambia mtandao unasumbua, nitampigia baadaye. Namba ya yule baba wa siku 23 bado iko kwenye mfumo. Nimeifungua mara mbili. Mtoto, kama yupo, sasa ana umri wa kwenda shule. Sijapiga.